Zipu ya Mgongoni

Kila mwanzo wa mwaka wa shule, Madame Victorine aliingia darasani amebeba bidon ya manjano, ile ya kuchotea maji, akaiweka juu ya meza mbele ya wasichana wa section ya ushonaji. Haikuwa na kitu ndani. Aliiacha ikae hapo mpaka kelele zipungue, halafu akauliza swali lake.

"Hii, nani aliichora?"

Wasichana walicheka. Kila mwaka walicheka.

"Hii, Madame? Hii inatokaka tu ku usine, ku kiwanda."

"Na usine iliiwaza yenyewe? Iliamuka asubuhi, ikasema leo nitatengeneza bidon?"

Wakacheka tena, lakini kwa sauti ya chini. Ndipo alipoinyanyua na kuwaonyesha jinsi vidole vinne vinavyoenea kwenye mshikio, na jinsi mdomo ulivyowekwa pembeni ili maji yasimwagikie miguu ya anayemimina. Kuna mtu, aliwaambia, alikaa chini akafikiria mkono wa mama anayerudi kutoka bombani. Hatumjui jina. Hakuchora hata ua moja. Lakini kila nyumba ya Lubumbashi ina kazi yake.

Mwaka ule mtu wa kwanza kubisha alikuwa Benita, msichana mrefu mwenye sauti kubwa, ambaye mama yake aliuza vitambaa sokoni, naye alijua bei na majina ya kila pagne kabla ya kujua kusoma.

"Madame, mi nakataa. Styliste ni mwenye anavalisha bantu ba télé. Ule mwenye jina yake iko ku étiquette ya nguo. Wa bidon, ule ni mufundi tu."

"Mwingine?"

"Ni mwenye anajua kuchora muzuri."

"Ni mwenye anakamata kintu kibaya, anakitia maua, kinakuwa kizuri."

Madame Victorine alisikiliza yote bila kukasirika. Majibu yalikuwa yale yale tangu aanze kufundisha. Kwa watoto hawa ubunifu ulikuwa jambo la macho: penseli, rangi, urembo. Akamgeukia msichana wa karibu na dirisha, aliyekuwa hajafungua mdomo. Huyo aliitwa Plamedie, alitoka Katuba, kwenye nyumba ya watoto wengi mno, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mikono badala ya uso.

"Na wewe?"

"Sijui, Madame."

"Muzuri," alisema mwalimu. "Tutaanzia hapo."

Hivyo ndivyo alivyofundisha hata mwaka ule, mwaka aliovaa weusi.

Mumewe, Edouard wetu, Mungu ampe pumziko, alikuwa wakala binafsi wa forodha kule Kasumbalesa. Alitayarisha karatasi za malori yanayoingia na kutoka Zambia. Jumatatu alfajiri alikwenda mpakani, Ijumaa jioni alirudi na vumbi la foleni kwenye kola. Kwa hiyo siku za kazi Victorine alizoea kuwa peke yake, na siku hizo alivaa blauzi za vifungo vya mbele. Lakini Jumapili ilikuwa ya Edouard. Jumapili alivaa magauni yake mazuri, yale aliyojishonea mwenyewe, yote yana zipu ya mgongoni, au fermeture kama tunavyosema, kutoka kiunoni mpaka shingoni. Alikuwa akisimama chumbani akiupa mlango mgongo, akikusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja, na kungoja. Edouard alikuja na kikombe chake cha chai, akakiweka dirishani, akapandisha zipu polepole. Ilipofika juu alimgonga begani kwa kidole na kusema kama askari wa mpakani:

"Barrière! Imefungwa. Hapana kupita."

Na waliporudi kutoka kanisani aliuliza kama afisa wa forodha:

"Mama, uko na kintu ya kudeclarer?"

"Niko na njaa," alijibu yeye, akigeuza mgongo. "Fungula."

Miaka mingi mzaha ule ule, na hawakuuchoka. Hakuna mtu mwingine aliyeujua isipokuwa dada yake Edouard, Wivine, ambaye aliwahi kukaa kwao alipokuwa msichana na kuusikia kupitia ukutani.

Kisha Edouard akaugua, na haukuwa ugonjwa wa kusubiri; ulimchukua upesi. Watu walijaa nyumbani, walilala kwenye mikeka, waliimba, walisali, walipika bukari, ugali wetu, kwenye masufuria makubwa. Wakwe walimvika Victorine gauni la weusi. Lilikuwa kubwa, halina zipu wala kifungo, linaingizwa kichwani tu kama gunia. Baadaye watu walipungua. Mtoto wake wa kiume alirudi Kolwezi kwenye kazi, wa kike akarudi kwa mumewe Kitwe. Mtoto wa dada yake, aliyeletwa kutoka Kasomeno ili asikae peke yake, alikaa miezi michache kisha akaolewa. Victorine alimshonea gauni la harusi. Siku ya harusi alirudi nyumbani, akaweka chungu cha watu wengi juu ya kabati, akatoa kile kidogo.

Hakulalamika. Alikuwa mtu wa sala. Asubuhi alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa usingizi hata kama haukuwa mrefu, akaingiza gauni lake jeusi kichwani na kwenda shule. Kanisani aliketi mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja ikibaki kushoto kwake, na watu wa kanisa, kwa heshima, hawakuikalia. Pengine alitamani wangeikalia. Lakini hilo hakumwambia mtu.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ndugu walipanga siku ya kuvua weusi. Na shuleni ulikuwa wakati wa kazi ya mwisho, ile inayoonyeshwa mbele ya juri kabla ya mtihani wa taifa. Kila kundi lilipaswa kushona vazi la mtu mzima aliye hai, mwenye jina, siyo la sanamu ya dirishani. Madame Victorine alishikilia sharti hilo kuliko yote. "Mukamate muntu," aliwaambia. "Mumuulize. Mumufuate kwake. Kisha njo mukamate penseli."

Benita alisimama, nyuma yake kundi lake lote.

"Madame, sisi tulishaka kumupata muntu yetu."

"Nani?"

"Weye."

Benita, ambaye hakujua aibu, siku hiyo alitazama viatu vyake.

"Tulisikia unakaribia kutosha deuil, kuvua weusi. Tunataka ile siku uvale robe yetu. Haufai kutoka mu nyumba na robe ya kuuza mu soko, na batoto bako tuko."

Madame Victorine aligeuka kufuta ubao, ingawa ubao ulikuwa safi. Alipoweza kusema alisema, "Bien. Basi mimi si mwalimu wenu mu hii kazi. Mimi ni muntu wa kuuliza."

Nao wakauliza. Waliuliza rangi gani, na akasema bluu, kwa sababu nyeupe angeogopa kuichafua na nyekundu Edouard hakuipenda. Waliuliza urefu, mikono, shingo. Walimpima kifua, kiuno, makalio, wakicheka kwa adabu. Benita aliuliza kama angependa mabega yainuke kama ya mabibi wa Golf, mtaa wa matajiri, wanaposhuka kwenye magari. Akasema kidogo. Walichora kwenye karatasi kubwa, wakaibandika ukutani, na kweli mchoro ulikuwa mzuri: mwanamke mwembamba asiye na uso, shingo ndefu, na nyuma yake zipu nyembamba iliyofichwa, inayopanda mgongo mzima mpaka kwenye kola iliyosimama.

Aliiona zipu ile siku ya kwanza. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Akajiambia yeye ni mwalimu, anangoja waulize, kwani kama wasipouliza watakuwa hawakujifunza kitu. Na hilo lilikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na kweli nyingine. Watoto hawa walitoka kwenye nyumba ambazo hata chooni mtu hakosi wa kumgongea mlango. Kwao kufungwa zipu kulikuwa kama hewa. Unasema "we, kuya unifunge," na mkono unatokea: wa dada, wa mama mdogo, wa mtoto wa jirani. Haikuwajia akilini kwamba mtu mzima, tena mwalimu, anaweza kuamka asubuhi na pasiwe na mkono. Naye hakutaka kuwa mtu wa kwanza kuwaambia. Akanyamaza, na gauni likashonwa.

Siku ya kulijaribu, Benita mwenyewe alipandisha zipu. Ilipita bila kukwama hata mahali pamoja, kazi safi kabisa. Wasichana walipiga makofi. Katika kioo cha darasa, ambacho kilikuwa na ufa pembeni, Victorine aliona mwanamke wa bluu aliyenyooka. Kwa muda huo mfupi alitaka sana kuwa huyo. Alitaka siku hiyo atoke mlangoni hivi, wakwe wamwone, watu wa kanisa wamwone, waseme Mungu amemwinua. Gauni lile alilitaka kuliko kitu chochote tangu kifo.

"Madame, unafanana na bibi-arusi," alisema mmoja.

"Bibi-arusi wa nani, we mupumbafu!" Benita alimnong'oneza, na wote wakajifanya hawakusikia.

Akaomba kwenda nalo nyumbani Jumamosi ile, akisema anataka kuona jinsi linavyokaa na viatu vyake. Walipatana kwamba jioni Plamedie atapita kulichukua, kwa sababu pindo la chini lilikuwa bado.

Mchana ule nyumba ilikuwa kimya. Ilikuwa mwanzo wa baridi, ule wakati ambapo jua la Lubumbashi linaangaza bila kupasha. Victorine alifunga dirisha la chumbani, akavaa gauni, akapeleka mkono nyuma. Zipu ilipanda kutoka kiunoni mpaka katikati ya mgongo, ikasimama. Alijaribu kwa juu, mkono ukipita begani. Vidole viligusa kola tu. Alikuwa amewafundisha wasichana wengi hila ya kamba, kwa hiyo akafunga uzi mgumu kwenye kishikio cha zipu, akaupitisha begani na kuvuta. Ikapanda kidogo. Akavuta tena, na bitana ikaingia kwenye meno ya zipu. Sasa haikupanda wala haikushuka.

Alisimama kwenye ukuta, akajisugua kama ng'ombe. Alijaribu kulivua kwa kichwa, mabega yakakataa, na akasikia mshono mmoja ukilia. Akaacha, kwa sababu ilikuwa kazi ya watoto. Angeweza kumwita jirani. Alifika hata kwenye mlango wa nyuma, akasikia redio ya jirani na watu wakibishana kwa furaha juu ya mpira, akarudi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi, baridi ikimwingia.

"Edouard," alisema. Siyo kwa kilio. Alisema tu kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. "Edouard, kuya."

Kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kumwita marehemu, akakaa.

Geti lilipogongwa alijifunga pagne mabegani na kwenda kufungua. Plamedie alikuwa na mfuko wa kubebea gauni mkononi. Alisalimia, akauliza habari za mchana, akaingizwa sebuleni, akapewa kiti. Victorine alisema gauni liko chumbani, atalileta, lakini hakuenda. Aliuliza habari za mama yake Plamedie, za wadogo zake, za mtihani. Plamedie alijibu yote. Macho yake yalikuwa kwenye kola ya bluu iliyochungulia juu ya pagne. Kola ambayo wao wenyewe waliipa ugumu ili isimame, ilikuwa imelala kama sikio la mbuzi.

"Maman Victorine," alisema. Shuleni hakuwahi kumwita hivyo. "Hapa kwa nyumba, nani anakufungaka?"

Ndilo lilikuwa swali. Mwaka mzima alilingoja, miaka yote pengine.

"Zamani, alikuwa baba wa batoto," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa hakuna muntu."

Hakuwa amelisema kwa sauti tangu mazishi. Lilitoka dogo, kavu, kama bei ya kitu. Plamedie hakusema pole. Aliinuka, akazunguka nyuma ya kiti, akaondoa pagne.

"Bitana njo imeingia," alisema. "Usitikisike."

Vidole vyake vilifanya kazi pole pole, jino kwa jino. Victorine aliinamisha kichwa na kukusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja, bila kufikiri, kama zamani. Alipotambua kwamba amefanya hivyo, aliuacha mkono pale pale. Zipu ikashuka. Msichana akatazama ukutani mwalimu alipokuwa akibadilisha, akalikunja gauni, akaliweka mfukoni, akaaga. Getini aligeuka.

"Juu ya nini haukutuambia?"

"Juu hamukuuliza," alisema mwalimu. Kisha, kwa sababu Plamedie hakustahili jibu la kujificha, aliongeza: "Na nilisikia haya, mutoto wangu."

Jumatatu kelele za kundi lile zilisikika tangu barazani.

"Kutosha fermeture? Uko na kichwa muzuri, weye?" Benita alikuwa ameshika gauni kifuani kama mtoto anayetaka kunyang'anywa. "Juri iko karibu! Ile mugongo njo kazi yote!"

"Tutie vifungo ku mbele," alisema Plamedie.

"Ku mbele! Sawa blouse ya mama wa beignets, wa mandazi! Juu ya nini?"

Plamedie alimtazama mwalimu aliyekuwa mlangoni, kisha akatazama chini. Hakuwa ameambia mtu. Victorine alielewa kwamba msichana angekubali kuitwa mjinga wiki nzima kuliko kutoa siri isiyo yake. Angeweza kupita, akaseme kama mwalimu, toeni zipu, basi, na wangetoa. Gauni lingerekebishwa, na watoto wangebaki wale wale wa siku ya bidon.

Aliweka mkoba wake mezani.

"Benita, valia ile robe."

"Mimi, Madame?"

"Weye. Ingia nyuma ya armoire, valia, utoke umefungwa. Na muntu asimuguse. Hata kidole."

Benita aliingia nyuma ya kabati la vitambaa akicheka. Walisikia gauni likipita kichwani, zipu ikipanda, ikanyamaza. Wakasikia kiwiko kikigonga mbao. "Aïe!" Kabati likatikisika. Mkono wake ulitokea juu, ukapotea, ukatokea pembeni, na darasa zima likaanguka kwa kicheko.

"Benita, unacheza ngoma ya mutuashi?"

"Mwite mupompier, ule wa kuzima moto!"

"Munyamaze! Nakaribia!" Alipumua kwa nguvu, akazunguka, akatoka nyuma ya kabati akirudi kinyumenyume kuelekea kwa rafiki zake, jasho puani. "Eh, moja anifunge tu pa juu, kidogo tu."

"Hapana," alisema Madame Victorine. "Hakuna muntu."

"Lakini, Madame, muntu akuwe na muntu wa kumufunga! Kwa nyumba, ba dada biko, batoto biko…"

"Batoto bangu biko Kolwezi na Kitwe."

Kicheko kilikwisha. Benita alibaki amesimama, mgongo wazi, mikono imening'inia.

"Baba njo alikuwa ananifunga," alisema mwalimu. Alisema kama anavyoeleza mshono, bila haraka. "Jumapili. Mimi mwenyewe nilishonaka fermeture ku mugongo, juu nilijua iko muntu. Sasa hayuko. Ile robe yenu ni nzuri. Nilitaka kulia juu ya uzuri wake. Lakini ku asubuhi, mu chumba changu, siwezi kuivala. Jumamosi nilikwama ndani, mpaka Plamedie alifika."

Nje mtu alikuwa akifagia majani makavu.

"Mulinipima muzuri sana," alisema. "Hamukupima nyumba yangu."

Benita ndiye aliyeanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kama wanavyolia watu wa aina yake, akifuta uso kwa mgongo wa mkono ili asichafue bluu. Kisha akavua gauni nyuma ya kabati, akaja nalo mezani, akachukua kifaa cha kufumulia, na bila kumwuliza mtu akaikata mishono ya zipu kutoka juu mpaka chini.

Walifunga mgongo kwa mshono mmoja ulionyooka. Mbele walikata, wakatengeneza ukanda wa kukunjwa unaoficha vifungo. Plamedie aliomba kuona mikono ya mwalimu, akavigusa vidole vyake vilivyoanza kukakamaa kwa umri na sindano, akasema vifungo viwe vikubwa, vifunikwe kitambaa kile kile, na matundu yasibane. Umeme ulikatika wakati wa kupiga pasi, wakawasha makaa, wakapokezana pasi ya zamani wakipuliza majivu yasiangukie kitambaa. Mabega waliyaacha yainuke kidogo. Hilo Benita hakukubali kuliacha.

Juri ilipokuja, mmoja wao, bwana mwenye miwani, alizunguka lile gauni na kupapasa mgongo.

"Nguo ya sherehe namna hii huwekwa fermeture nyuma. Kwa nini vifungo?"

Benita aliyekuwa msemaji wa kundi hakumtazama mwalimu wake.

"Juu mwenye kuivala anaishi peke yake, Monsieur."

Yule bwana aliinua macho, akaandika kitu, akaenda kwenye meza ya kundi lingine. Victorine, aliyekuwa amesimama nyuma pamoja na walimu wenzake, aliisikia sentensi hiyo ikikaa katikati ya chumba. Alifurahi kwa ajili ya watoto, furaha ya kweli, na akamshukuru Mungu palepale. Lakini sasa jambo hilo lilikuwa limetamkwa mbele ya watu, na lisingerudi tena kuwa siri.

Siku ya kuvua weusi, uwanja ulijaa viti. Katika familia ya Edouard dada wa marehemu ndiye anayemwingiza mjane chumbani, anamvua nguo ya kilio na kumvika mpya. Wivine alikuja mapema, amejiandaa, akafunga mlango wakabaki wawili. Alimvua weusi kwa kichwa, taratibu, akaukunja. Walisali kwa sauti ya chini. Halafu akachukua gauni la bluu kitandani, akamsaidia kuingiza mikono, akasimama nyuma yake. Victorine alihisi mikono ya wifi yake ikipapasa mgongo, ikishuka kiunoni, ikapanda tena.

"Mulamu, fermeture iko wapi?"

"Haina. Inafungwa mbele."

Mikono ikabaki mabegani pake.

"Mimi nilikuya kukufunga," alisema Wivine. "Usiku nilikuwa nawaza tu vile. Yaya Edouard, kaka yangu, akitazama toka kule juu, aone niko nafanya kazi yake. Sasa nifanye nini?"

Victorine alikuwa ameshafunga nusu. Vifungo viliingia vyenyewe, vikubwa, laini, kama vilivyokusudiwa. Alifika kwenye cha mwisho, kile cha shingoni, akakiacha.

"Funga hiki," alisema, akageuka.

Wivine alikifunga. Ilimchukua muda kwa sababu ya machozi. Kilipoingia, midomo yake ilifunguka kama anayetaka kusema neno, na Victorine akalingoja lile neno la barrière. Lakini Wivine alimkumbatia tu, na wakatoka. Wanawake walipiga vigelegele, mchungaji akaomba, na wasichana wa section ya ushonaji, waliokuja na sare zao, walipiga makofi kuliko wote. Benita alikuwa akimwonyesha kila mtu ukanda wa mbele uliofichwa, akieleza bila kuchoka. Weusi ulichomwa nyuma ya nyumba.

Kabla jua halijazama watu walikuwa wameondoka. Wivine alitaka kulala, lakini mtoto wake alikuwa na homa, na Victorine alimsihi aende. Alirudisha viti vya jirani, akaosha vikombe, akaingia chumbani.

Alivifungua vifungo kimoja kimoja, kutoka shingoni kushuka. Hakuna kilichokwama. Ilikuwa kazi ya watoto walioelewa, na alijua hatafundisha darasa jingine lililoelewa namna ile. Gauni likaachia lote, na halikuwa limemhitaji mtu yeyote.

Hakulivua papo hapo. Aliupa mlango mgongo, akakusanya nywele zake juu kwa mkono mmoja, akasimama hivyo kwa muda, mpaka mwanga wa dirishani ulipopungua. Kisha akashusha mkono, akalitundika gauni, akapiga magoti.